Lugha Tatu, Mama Mmoja: Namna ya Kubuni Ukoo wa Lugha kwa Ulimwengu Wako wa Hadithi

Umeandika sura nane za riwaya yako. Kuna visiwa, kuna milima, kuna nyika kavu, na kila mahali pana watu wake. Sasa mvuvi wa kisiwani anakutana na mchunga mbuzi wa nyikani, nawe unataka wasikilizane nusunusu: neno hili wanaelewana, lile linawachekesha. Unabuni neno la "jiwe" kwa huyu, unabuni lingine kwa yule, na kufikia ukurasa wa pili umekwama. Maneno yako hayana undugu. Ni marundo mawili ya herufi.

Mimi nilikwama hapo hapo. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na lugha tatu nilizozipata kwa kugeuza herufi kila nilipojisikia. Mpwa wangu, wakati huo yuko kidato cha pili, aliusoma jioni moja akaniuliza, "Mjomba, hawa watu wa mlimani, s yao inageuka z wakati gani? Maana ukurasa wa 12 imegeuka, ukurasa wa 40 imekataa." Nilijifanya sijasikia. Mwongozo huu ndio jibu nililopaswa kumpa.

Jibu lenyewe si refu: usibuni lugha ndugu. Buni mama yao, mwekee kila mtoto sheria zake, kisha uziache sheria zifanye kazi bila kuzitia mkono.

## Kwa nini uanze na mama

Tazama lugha tunazoishi nazo. Mswahili anasema *kufa*, Mkikuyu anasema *gũkua*. Ukiyaweka haya mawili peke yake, huoni ujamaa wowote. Yaongezee wenzake:

| Maana | Kiswahili | Kikuyu | Kirundi | Kizulu |
|---|---|---|---|---|
| kufa | kufa | gũkua | gupfa | ukufa |
| tembo | ndovu | njogu | inzovu | indlovu |
| mvua | mvua | mbura | imvura | imvula |

Shuka na safu mbili za mwanzo. Kwenye f ya *kufa*, Mkikuyu ana k. Kwenye v ya *ndovu* ana g, na kwenye v ya *mvua* ana b. Wanaisimu wanaeleza hivi: lugha ya kale waliyoiita Mame Bantu ilikuwa na irabu saba, mojawapo ikiwa u ya kubana sana mdomoni. Katika lugha nyingi, konsonanti iliyoitangulia u hiyo ilibanwa pamoja nayo hadi ikawa f au v. Kikuyu kimetunza irabu saba na konsonanti za zamani. Kiswahili kimebaki na irabu tano, na kumbukumbu ya ile u iliyopotea imehamia kwenye f na v.

Hakuna aliyeisikia Mame Bantu, wala haikuandikwa popote. Carl Meinhof, Mjerumani, alitoa mwaka 1899 kitabu kilicholinganisha sauti za lugha za Kibantu kwa utaratibu, na Malcolm Guthrie wa London akafuata na majuzuu manne kati ya 1967 na 1971. Hao walipanda mto: walianzia kwenye watoto, wakamtafuta mama. Wewe unashuka nao, na kushuka ni rahisi mara kumi. Mwenye kupanda hukisia. Mwenye kushuka anajua, kwa sababu chemchemi ameichimba mwenyewe.

J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alishuka hivyo hivyo. Neno lake la kale la "mti", *galadā*, lilizaa *alda* katika Kiquenya na *galadh* katika Kisindarin, lugha mbili alizozibuni. Msomaji wake hahitaji kujua sheria zilizopita hapo katikati. Anahisi tu kwamba wasemaji wa lugha hizo waliwahi kukaa pamoja.

> Andaa mezani
> - Daftari lenye mistari, si karatasi za kubahatisha. Utalirudia kwa miaka.
> - Penseli na kifutio.
> - Ramani ya ulimwengu wako, hata kama ni ya kuchora kwa mkono.
> - Orodha ya maana za kila siku. Ile ya Morris Swadesh, yenye maana 100 kwa toleo fupi, inatosha kuanzia: mkono, jiwe, maji, nyota, kula, kufa.
>
> Zipo programu za kompyuta zinazogeuza maneno kwa kufuata sheria utakazoziandika. Zitumie ukishafikisha mizizi 200. Kabla ya hapo fanya kwa mkono, maana mkono ndio utakaokuonyesha sheria mbovu.

## Hatua ya 1: Chora mti kabla ya neno la kwanza

Lugha huachana kwa sababu watu wameachana. Kwa hiyo andika kwanza nani aliondoka, kwa nini, na zamani kiasi gani. Kwa kipimo: Kilatini cha miaka 2,000 iliyopita kimezaa Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiromania. Wasemaji wa lugha hizo leo hawaelewani bila kujifunza, ingawa Mhispania na Mreno wanaweza kubahatisha mengi. Ukitaka mvuvi wako na mchunga mbuzi waelewane nusunusu, usiwatenganishe kwa miaka 5,000.

Mara ya kwanza usizidishe watoto watatu.

Mfano tutakaoubeba hadi mwisho ni huu. Kando ya ziwa moja waliishi watu waliojiita kwa neno lao la "nyota", sokel. Sisi tutawaita Wasokeli. Ziwa likakauka na watu wakatawanyika. Wengine walifika visiwani, wengine wakapanda milima, wengine wakabaki nyikani wakifuata malisho. Hadithi inaanza miaka 1,500 baadaye.

## Hatua ya 2: Mpe mama sauti na mizizi

Chagua konsonanti chache na irabu chache, kisha amua silabi zinaruhusiwa kuwa na umbo gani. Hapa Waswahili wengi tunateleza. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kila tunachobuni kinatoka kama jina la kijiji cha Pwani. Jilazimishe. Ruhusu neno liishie na konsonanti, ruhusu konsonanti mbili zikutane katikati.

Wasokeli wana p, t, k, b, d, g, s, h, m, n, l, r, w, y na irabu tano. Mizizi yao saba ya mwanzo:

1. sokel – nyota
2. takun – jiwe
3. dipa – mkono
4. pelke – moto
5. gesito – mto
6. hasel – chumvi
7. huma – mama

Hakikisha kila sauti inatokea mwanzoni, katikati na mwishoni katika maneno kadhaa. Sauti ambayo haitokei mahali fulani haitapata nafasi ya kubadilika mahali hapo, na sheria yako itakosa la kufanya.

## Hatua ya 3: Andika sheria, kwa mpangilio

Sheria ya sauti ina sehemu tatu: nini kinabadilika, kinakuwa nini, na kikiwa mahali gani. Sehemu ya tatu ndiyo wanaoanza huisahau. Jirani zetu wanatukumbusha kila siku: sisi tunasema Kikuyu, wenyewe wanasema Gĩkũyũ. Kiambishi chao *kũ-* hugeuka *gũ-* silabi inayofuata ikianza na sauti isiyo na mtetemo kama k au t, ndiyo maana kufa ni *gũkua*. Kikifuatwa na sauti yenye mtetemo hakigeuki: kulima ni *kũrĩma*. Wanaisimu huiita kanuni ya Dahl. Mtoto wa Kikuyu hajawahi kusikia jina hilo, wala hakosei.

Sheria za Wasokeli:

Kabla hawajatawanyika: h inapotea kila mahali.

Visiwani (Kisoche):
1. k inakuwa ch, na g inakuwa j, zikifuatwa na e au i.
2. Konsonanti ya mwisho wa neno inaanguka.
3. p inakuwa f kila mahali.

Milimani (Kisogeli):
1. p, t, k zikiwa kati ya irabu mbili zinakuwa b, d, g.
2. Irabu ya mwisho wa neno inaanguka.

Nyikani (Kihokeli):
1. s inakuwa h.
2. l ikifuatwa na konsonanti inakuwa u.
3. Mwishoni mwa neno, e inakuwa i, na o inakuwa u.

Pitisha kila mzizi kwenye kila foleni, sheria moja baada ya nyingine, bila kuruka. Polepole, kwa neno moja: *pelke* akienda visiwani anakutana na sheria ya 1, anakuwa *pelche*, ya 2 haimhusu, ya 3 inamfanya *felche*. Akienda milimani, k yake haiko kati ya irabu mbili (kushoto kuna l), kwa hiyo inapona. Kisha e ya mwisho inaanguka, anabaki *pelk*. Nyikani l inakuwa u, *peuke*, halafu e ya mwisho inakuwa i: *peuki*.

| Mama | Maana | Visiwani | Milimani | Nyikani |
|---|---|---|---|---|
| sokel | nyota | soche | sogel | hokel |
| takun | jiwe | taku | tagun | takun |
| dipa | mkono | difa | dib | dipa |
| pelke | moto | felche | pelk | peuki |
| gesito | mto | jesito | gesid | gehitu |
| hasel | chumvi | ase | asel | ahel |
| huma | mama | uma | um | uma |

Majina ya lugha zenyewe yamezaliwa humo humo. Kisoche, Kisogeli na Kihokeli ni neno moja la "nyota" lililotembea njia tatu.

> ONYO: mpangilio si pambo
> Milimani, sauti zinalainika kwanza, kisha irabu inaanguka: *dipa, diba, dib*. Geuza mpangilio: irabu ikianguka kwanza unapata *dip*, na p haiko tena kati ya irabu mbili, basi haitalainika kamwe. Sheria zile zile, lugha nyingine.
> Nyikani ni hatari zaidi. h ya zamani lazima iwe imeshapotea *kabla* s haijawa h. Ukizigeuza, kila h mpya nayo itafutika, na watu wako hawatakuwa Wahokeli tena, watakuwa Waokeli.

## Hatua ya 4: Acha sauti ziharibu sarufi

Hapa ndipo ninapopapenda, na ndipo wengi huishia njiani kwa kudhani kazi imekwisha.

Fanya jaribio kwa Kiswahili. Sema *kaa*, kisha sema *kalia*. Sema *zaa*, kisha *zaliwa*. Sema *kataa*, kisha *katalia*. Ile l imetoka wapi? Haikutoka popote, ilikuwapo. Kiswahili kilidondosha l nyingi zilizokuwa kati ya irabu. Ndiyo maana sisi tuna *mvua* na *njaa* wakati Wagiriama wana *mvula* na *nzala*. (Hakikuzifyeka zote. *Kulala* bado ina l zake mbili, na lugha yako nayo iwe na wakaidi wawili watatu wa namna hiyo.) Mwishoni mwa *kaa* l ilipotea, kabla ya *-ia* na *-iwa* ikabaki. Leo tunaitamka bila kujua kwamba ni kaburi.

Tazama tena *pika* na *mpishi*, *fuata* na *mfuasi*, *penda* na *mpenzi*, *kaa* na *mkazi*. Mabadiliko ya sauti ya zamani yameganda ndani ya sarufi. Lugha isiyo na mabaki ya namna hii hunuka rangi mbichi.

Mpe basi mama yako kiambishi kimoja na uone kitakavyoteseka. Wasokeli waliweka wingi kwa -a mwishoni mwa maneno yaliyoishia na konsonanti: *sokela*, nyota nyingi, *takuna*, mawe.

- Visiwani: umoja ni *soche*, wingi ni *sochela*. Umoja ni *taku*, wingi ni *takuna*. Konsonanti iliyoanguka katika umoja imesalimika katika wingi kwa sababu haiko mwishoni. Mtoto wa kisiwani haioni hivyo. Yeye anasikia kwamba maneno mengine hutia *-la* na mengine *-na*, na anayakariri. Neno geni likiingia, tuseme *bali*, tanga la jahazi, atachagua lile analolisikia zaidi na kusema *balina*. Sisi tulifanya jambo hilo hilo tulipopokea *kitabu* kutoka Kiarabu: tukaona *ki-*, tukadhani ni kiambishi chetu, tukasema *vitabu*.
- Milimani: *takuna* inakuwa *taguna*, kisha irabu ya mwisho inaanguka: *tagun*. Umoja na wingi vimelingana! Usihamaki wala usirudi nyuma kufuta sheria. Waulize watu wako watafanyaje. Wangu walichukua neno la "kundi", *mor*, wakalibandika mbele: *mortagun*, mawe. Baada ya karne kadhaa *mor-* haina maana ya kundi tena. Imekuwa kiambishi.
- Nyikani: *hokel, hokela*. Hakuna kilichovunjika, na ni vizuri iwe hivyo mahali pamoja.

## Hatua ya 5: Hamisha maana, kisha leta wageni

Umbo likibadilika na maana ikabaki palepale kwa miaka 1,500, msomaji makini atakushtaki. Maana hufuata mazingira. Pwani yetu, upepo wa kaskazi umetupa *kaskazini* na upepo wa kusi umetupa *kusini*; mabaharia waligeuza pepo kuwa pande za dunia. Wahokeli hawana mto, kwa hiyo kwao *gehitu* ni korongo kavu linalojaa maji siku mbili kwa mwaka. Visiwani *jesito* ni mkondo wa bahari. Milimani peke yake *gesid* bado ni mto. Sasa mvuvi akimwambia mchunga mbuzi kwamba kaka yake alichukuliwa na *jesito*, mchunga anasikia kwamba mtu amefia kwenye korongo kavu, naye anashangaa. Hapo umepata tukio la kuandika bila kulitafuta.

Chagua robo hivi ya mizizi yako uihamishe. Si yote.

Wageni nao wana tarehe. *Meza* na *leso* ni za Kireno, na Wareno walifika mwambao huu mwaka 1498, basi tunajua hazikuingia kabla. Hesabu yetu pia ina tabaka: *tatu*, *nne* na *tano* ni za Kibantu, *sita*, *saba* na *tisa* ni za Kiarabu. Kwa kila neno la kuazima andika pembeni: limeingia kabla ya sheria ipi? Lililoingia visiwani baada ya p kuwa f litabaki na p yake, na p hiyo itamtambulisha mgeni mlangoni.

## Hatua ya 6: Majina ya mahali

Hatua hii ni fupi kwa maandishi na ina faida kubwa kuliko zote kwenye ramani. Majina ya mahali hutunza umbo la zamani kwa sababu hakuna tena anayejua maana yake. Chukua "jiwe la mto" kama neno moja, takungesito, ulipitishe:

- Visiwani: Takunjesito. Angalia n. Neno la "jiwe" limeipoteza likiwa peke yake (*taku*), lakini katikati ya jina imejificha salama.
- Milimani: Tagungesid.
- Nyikani: Takungehitu.

Miji mitatu, mbali mbali, jina moja. Msomaji atakayegundua mwenyewe atakupenda. Usimweleze.

## Hatua ya 7: Sahau ulichokijua

Sasa jifanye msomi aliyezaliwa ndani ya ulimwengu wako. Huyo hajawahi kuona daftari lako. Ana watoto watatu tu mkononi, na lazima amkisie mama yao. Atakachokisia ataweka mbele yake alama ya nyota, *, maana yake: neno hili halikusikika wala halikuandikwa, limejengwa upya kwa kulinganisha.

Mpe *difa*, *dib*, *dipa*. Ataona kwamba f ya visiwani inakutana na b ya milimani na p ya nyikani katika kila neno la namna hiyo, na ataandika *\*dipa*. Amepata. Mpe *felche*, *pelk*, *peuki*: l ataipata visiwani na milimani, e ya mwisho visiwani. *\*pelke*. Amepata tena.

Mpe *ase*, *asel*, *ahel*. Ataandika *\*asel*, akikosea bila yeyote kumlaumu. Neno lilikuwa *hasel*. h ilipotea kabla ya watu kuachana, na kulinganisha watoto humfikisha mtu hadi siku ya kuachana, hakumpitishi hapo. Kwa hiyo una mama wawili: yule wa daftarini na yule wa wasomi wako. Waandikie kurasa tofauti, na usiruhusu mhusika yeyote ajue kitu kilichomo katika ukurasa wa kwanza pekee.

Isipokuwa kama ameokota jiwe. Mwaka 1879 Ferdinand de Saussure, kijana wa Geneva, alichapisha hoja kwamba mama wa lugha za Kihindi-Kiulaya alikuwa na sauti ambazo hazikubaki wazi katika lugha yoyote iliyojulikana wakati huo. Baadaye vibao vya udongo vya Wahiti, vilivyochimbwa Uturuki, vikasomwa, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba Kihiti kina h mahali ambapo Saussure alitabiri sauti iliyopotea. Chini ya ziwa lako lililokauka weka kibao kilichochongwa neno la chumvi, na mbele ya *asel* pawe na alama moja ambayo hakuna anayeijua.

Na wasomi wako wagombane. August Schleicher alitunga mwaka 1868 ngano fupi ya kondoo na farasi kwa lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, na tangu hapo wanaisimu wengine wameiandika upya kwa namna zao, kila mmoja akiona wa kabla yake amekosea.

> Makosa yanayorudiwa sana
> - Kurekebisha kwa mkono. Neno limetoka baya, unalisugua kidogo liwe tamu. Usifanye hivyo. Kama hulipendi, badilisha mzizi au badilisha sheria, kisha pitisha yote upya.
> - Sheria ishirini kwa kila mtoto. Tatu hadi sita zinazogusa maneno mengi zitaonekana zaidi kuliko ishirini zinazogusa neno mojamoja.
> - Kila kufanana kuwa undugu. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland, Australia, mbwa aliitwa *dog*, sawasawa na Kiingereza, na hakuna uhusiano wowote. Weka angalau jozi moja ya uongo ya namna hii imdanganye mhusika mwenye haraka.
> - Kuficha lugha ya watu. Kuchukua lugha hai ya jirani, kugeuza herufi mbili na kuwapa majini wa hadithi yako ni uvivu, tena ni dharau. Na watu husikia. Katika filamu ya *Return of the Jedi* ya 1983, kiumbe mmoja wa anga, Nien Nunb, anasema Kikuyu. Wakenya waliokuwa ukumbini hawakuhitaji maandishi ya tafsiri. Ukitaka lugha hai, itumie waziwazi kama *Black Panther* ya 2018 ilivyotumia Kixhosa.
> - Kumwaga yote kwenye hadithi. Kwa kila mizizi kumi uliyobuni, msomaji akiona mmoja, umempimia vizuri.

## Kabla hujarudi kwenye sura ya tisa

☐ Mti una miaka na sababu ya kila tawi.
☐ Mizizi angalau 50, na kila konsonanti imeonekana mwanzoni, katikati na mwishoni.
☐ Kila sheria inasema *wapi*, na zimepewa namba za mpangilio.
☐ Hakuna neno hata moja lililorekebishwa kwa mkono.
☐ Kuna mahali pamoja sauti zimevunja sarufi, na watu wameziba pengo.
☐ Maneno kadhaa yamehama maana.
☐ Maneno ya kuazima yana tarehe.
☐ Majina yote kwenye ramani yamepitishwa kwenye sheria.
☐ Mama wa daftari na mama wa wasomi wako kurasa tofauti.

Jipime kwa mzizi mmoja mpya: kelpis, mtumbwi. Funika mistari inayofuata, upitishe kwa watoto wote watatu kwa penseli.

Visiwani umepata *chelfi*? Kama una *chelfis*, umeisahau sheria ya pili. Kama una *kelfi*, hukuitazama e. Milimani neno halibadiliki hata kidogo, *kelpis*, kwa sababu p iko nyuma ya l na mwisho hakuna irabu ya kuanguka. Kama umeandika *kelbis*, rudi usome neno "kati ya irabu mbili". Nyikani ni *keupih*. Sasa tafuta wingi wake visiwani. Ni *chelfisa*, na ile s ambayo mvuvi huyo hajawahi kuitamka katika umoja imerudi.